Bunduki yangu imekaa kwa fundi nusu mwaka

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfugaji wa Kongwa. Nina shotigani ya zamani ya mitutu miwili, ninayoimiliki kwa leseni, na kazi yake ni kuwatisha fisi wanaozunguka zizi la mbuzi. Nyundo ya kushoto, yaani kile kipande kinachogonga ili risasi ilipuke, ililegea, nikaipeleka kwa fundi mjini mwezi Machi, nikalipa nusu ya gharama, akaniambia wiki tatu. Sasa ni Septemba na jibu ni lile lile la “njoo Jumamosi”. Kijijini kwetu yupo mchomeleaji anayesema ataimaliza kwa siku moja. Je, niichukue nimpelekee yeye?

JIBU: Mzee wetu, kwa mchomeleaji usiipeleke. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka atengenezaye silaha awe na leseni ya kazi hiyo, na hata kama sheria isingekuwapo, moto wa kuchomelea ungekuharibia kilichobaki. Kwa maelezo yako, yaelekea springi ya nyundo ndiyo iliyochoka au kukatika. Katika bunduki nyingi za zamani springi hiyo ni kipande bapa cha chuma kilichokunjwa, ambacho fundi hukikata, hukipiga tupa taratibu, hukitia moto na kukizimisha ghafla ili kiwe kigumu, kisha hukipasha tena kwa joto dogo ili kipate kunepa bila kuvunjika. Akikosea hatua hiyo ya mwisho, springi hukatika siku ya kwanza, naye huanza upya.

Hata hivyo, kazi hiyo haijazi miezi sita. Kinachokula muda ni foleni, pamoja na vipuri vya bunduki ambazo viwanda vyake viliacha kuziunda zamani. (Kuhusu kalenda ya mafundi wetu, hata aliyeshonesha suti ya harusi anaijua.) Kwa hiyo usimuulize tena itakuwa tayari lini, kwa maana swali hilo ndilo linalozaa Jumamosi. Nenda mwenyewe, uione bunduki kwa macho yako, umuulize imefunguliwa au bado, inasubiri kipuri gani, na mbele yako kuna kazi ngapi.

Ikiwa haijafunguliwa, iombe urudi nayo, ukaifungie nyumbani mpaka zamu yako ifike. Fundi mwungwana hatakataa, kwa sababu naye hubeba dhamana ya kila silaha iliyolala karakanani mwake. Ikiwa imefunguliwa, iache, lakini usiondoke bila stakabadhi inayotaja namba ya silaha, kasoro, fedha ulizolipa na tarehe mpya, kisha ukijulishe kituo cha polisi mahali ilipo, kwa kuwa leseni ina jina lako na si la fundi. Siku ya kuichukua nenda na leseni hiyo.

Siku hiyo hiyo ndipo ulipe salio, baada ya nyundo zote mbili kujaribiwa mbele yako kwa risasi za bandia, ya kushoto mara nyingi kuliko ya kulia.