Umepata admisheni Bologna? Anza na karatasi za nyumbani, koti litasubiri

Kila ikifika mwezi wa nne wa tano hivi simu yangu inaanza kujaa meseji za vijana waliopata admisheni Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, na karibu wote wanaanza na swali moja, eti baridi ikoje, ninunue koti Kariakoo au nisubiri huko huko. Jamani. Koti utalipata huku la mtumba kwa bei ya kutupa na mwezi wa tisa bado jua linawaka. Swali la kuniuliza ni karatasi gani nizifuatilie kabla sijapanda ndege, maana Bologna hela ya kusomea ipo, vyumba vya wanafunzi vipo, chakula cha bei chee kipo, ada unaweza usilipe kabisa, ila vyote hivyo vinafunguliwa na makaratasi ambayo mengi yanatoka nyumbani, na ukifika huku huna utabaki kumpigia simu mjomba aende RITA, aende serikali ya mtaa, aende wizarani, na yeye ana shughuli zake.

Mfumo wa huku uko hivi. Vyuo vya serikali Italia havikutozi ada kubwa eti kwa sababu wewe mgeni, vinaangalia kipato cha familia yako, na kipimo chake kinaitwa ISEE. Sisi ambao familia ziko nje tunafanyiwa ISEE parificato, ni kitu kile kile ila kimetengenezwa kwa ajili ya watu wenye kipato na mali nje ya Italia, na unakwenda kufanyiwa kwenye ofisi zinaitwa CAF, zile zinazosaidia raia mambo ya kodi. Kwa sheria ya nchi, mwanafunzi ambaye ISEE yake haizidi euro 22,000 hatozwi ada, anabaki na kodi ya mkoa na stempu tu, kama euro 150 na kidogo kwa mwaka, na kuna vyuo vimepandisha kiwango hicho zaidi. Sasa piga hesabu mwenyewe, baba mwalimu wa sekondari, mama ana duka la vitenge, hiyo elfu ishirini na mbili wanaifikia lini? Lakini usipopeleka ISEE, wao hawajui kama baba yako ni mwalimu, wanakuweka daraja la juu kabisa la ada kana kwamba mzee ana visima vya mafuta.

Karatasi zenyewe: moja inayoonyesha nani na nani wako kwenye familia, moja ya kipato cha kila mtu mzima nyumbani (na kama mama hana kazi rasmi iandikwe hivyo hivyo, msiruke), moja ya nyumba na viwanja vikiwa na ukubwa kwa mita za mraba, na moja ya salio la benki. Zinapita Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa Italia, na zinatafsiriwa Kiitaliano. Mwaka gani wa kipato unatakiwa imeandikwa kwenye tangazo la skolashipu la mwaka husika, soma, usinakili za rafiki yako aliyekuja mwaka juzi. Halafu kuna hii ambayo watu wanaicheka mpaka iwakute: nyumba iliyoko nje ya Italia inahesabiwa thamani ya euro 500 kwa kila mita ya mraba, iwe Masaki iwe kijijini kwetu haijalishi, kwahiyo kama mzee wako ni wale wa kupenda kusifia mjengo, mwambie kwenye hii karatasi ataje vipimo vya kweli tu, asihesabie na banda la kuku.

Kuna na njia fupi kwa baadhi yetu. Wizara ya elimu ya juu ya huku hutoa orodha ya nchi maskini sana na Tanzania imekuwemo, na kwa mtu wa nchi hizo sheria inaruhusu hali yake ithibitishwe na ubalozi wa Italia kwamba hatoki kwenye familia inayojulikana kwa utajiri, basi. Angalia kama nchi yako imo mwaka unaoomba, usione aibu ya neno maskini, hela haina aibu.

Na hela yenyewe inatoka kwa ER.GO, shirika la mkoa wa Emilia-Romagna linaloshughulika na wanafunzi: skolashipu, hosteli, na mensa, yaani kantini ya wanafunzi. Hii watu wengi hawaielewi, wanadhani skolashipu ni kitu cha vipanga wenye A tupu. Hapana, kwa mwaka wa kwanza kinachoangaliwa zaidi ni hali ya familia, maksi zinakuja baadaye. Tangazo lao linatoka kiangazi na madirisha ya maombi yanafungwa wakati wengine bado wanahangaika na viza, kwahiyo unaomba mtandaoni ukiwa nyumbani, husubiri ufike. Ukipata unapewa elfu kadhaa za euro zinazogawanywa kwa awamu, na awamu ya pili haitoki mpaka uwe na krediti zinazotakiwa, yaani zile pointi unazopata kwa kila somo unalofaulu. Kanuni ya kitaifa kwa mwaka wa kwanza ni krediti 20 kabla ya tarehe 10 Agosti, na ukifika 30 Novemba bado hujafikisha hizo 20, skolashipu inafutwa na unadaiwa urudishe ulichokula. Umesikia hapo? Urudishe. Krediti 20 ni kama masomo matatu manne tu, ila mitihani hapa ina mambo yake, nitayagusa mbele.

Tuje kwenye nyumba, maana hapa ndo pagumu kuliko pote na sitakupamba. Bologna ni mji wa watu kama laki nne kasoro na chuo kina wanafunzi zaidi ya elfu themanini (sio wote wako mjini, wengine wako kampasi za Forlì, Cesena, Ravenna na Rimini), sasa kila mwezi wa tisa hawa wote wanatafuta kitanda kwa wakati mmoja. Chumba cha peke yako bei yake inauma, wengi tunaanza na doppia, yaani kulala wawili na mtu usiyemjua. Kuna matangazo ya chumba kizuri, bei ndogo, mwenye nyumba eti yuko Uingereza, tuma amana nikutumie funguo kwa posta. Usitume hata senti. Hakuna nyumba hapo.

Lakini utapeli mtu akishausikia anaujua, shida ya kimya kimya ni chumba bila mkataba. Utakutana na mtu anakwambia lipa keshi, tusiandikishane, nitakupunguzia euro hamsini. Ukikubali umejikata mwenyewe kwa sababu mbili. Ya kwanza, skolashipu ya anayetoka mbali ni kubwa kuliko ya anayekaa kwao, na ili uhesabiwe wa kutoka mbali inabidi uonyeshe unalipia malazi kwa mkataba usiopungua miezi 10, sasa ile hamsini aliyokupunguzia inakukosesha maelfu. Ya pili, mwenye nyumba anayempokea mgeni kutoka nje ya Ulaya anatakiwa kutoa taarifa polisi ndani ya saa 48, na hiyo karatasi utaulizwa mbele ya safari, ambaye hataki mkataba hiyo taarifa atatoa wapi? Kwahiyo muulize mapema kabisa, contratto registrato, yaani mkataba uliosajiliwa, ipo? Akianza kuzunguka maneno mwage. Mimi ningekushauri ufike mapema, hata mwisho wa mwezi wa nane, upate pa kufikia kwa wiki chache kwa mtu au hosteli, utafute ukiwa hapa hapa, na usikatae Casalecchio, San Lazzaro au Castel Maggiore eti ni nje ya mji, basi na treni zipo.

Ukishafika una siku 8 za kazi kuomba permesso di soggiorno, kibali cha kuishi. Haiombwi polisi moja kwa moja, unachukua bahasha yao posta, unajaza, unabandika stempu ya euro 16, unalipia (vyote pamoja vinazidi euro 100 kidogo, ziweke pembeni kabisa usizile) halafu unapewa risiti yenye tarehe ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Hiyo risiti ndo maisha yako kwa miezi, toa kopi, piga picha, usiikunje kunje. Kadi yenyewe inachelewa, zoea. Na kabla haijatoka, kama unataka kwenda nyumbani Krismasi na viza yako imeisha, kwa kawaida unaweza kutoka na kurudi Italia kwa risiti na pasipoti lakini bila kupitia nchi nyingine ya Schengen (zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao), maana yake ile tiketi ya bei nzuri ya kupitia Amsterdam au Frankfurt sio yako, tafuta ya kupitia Addis, Doha au Istanbul.

Bima ya afya fupi tu. Kuanzia 2024 mwanafunzi kujiunga kwa hiari na mfumo wa afya wa taifa ni euro 700, na inahesabiwa kwa mwaka wa kalenda, Januari mpaka Disemba. Ukifika mwezi wa tisa ukalipa umenunua miezi minne kwa bei ya kumi na mbili. Wengi wanachukua bima binafsi ya wanafunzi ambayo ni rahisi zaidi, lakini kama una ugonjwa wa kudumu, sukari au presha, ingia ya taifa Januari upate daktari wako wa kudumu.

Kula hutapata shida. Mensa ya ER.GO iko Piazza Puntoni, dakika chache kutoka Via Zamboni ambako ndo moyo wa chuo, na bei unayolipa inategemea tena ile ISEE, unaona sasa kwanini naikazania. Kwa Waislamu na wengine wasiokula nguruwe, huu mji ni wa nguruwe haswa, mortadella ni nguruwe, tortellini ndani ni nguruwe, hata ragù, ile sosi ya nyama, mara nyingi amechanganywa, kwahiyo usiangalie kwa macho, uliza. Ugali upo: nenda Bolognina, mtaa wa nyuma ya stesheni, kuna maduka ya Waafrika na Waasia unga unapatikana, na ukikwama supamaketi chukua unga wa polenta, ule mweupe ukiuona ndo bora, wa njano nao unaliwa ila chagua uliosagwa laini na usinunue ile ya kupika haraka, haishikani.

Kazi sasa. Permesso ya masomo inakuruhusu saa 20 kwa wiki, kwa mwaka zisizidi 1,040. Wengi wanakimbilia kusambaza chakula kwa baiskeli, sisemi vibaya ni kazi, lakini kuna kazi za chuo chenyewe zinaitwa 150 ore, unafanya maktaba au ofisini saa 150 kwa mwaka, unalipwa, umekaa ndani pakavu, na unaziomba kwa tangazo. Watu wetu hawaombi kwa sababu tangazo liko kwa Kiitaliano. Ndo maana hata kama digrii yako yote inafundishwa Kiingereza, ingia kozi ya Kiitaliano ya CLA, kituo cha lugha cha chuo, muhula wa kwanza kabla hujabanwa. CAF wanaongea Kiitaliano, mwenye nyumba Kiitaliano, ofisi ya polisi Kiitaliano tena cha haraka.

Mitihani: maksi ni kati ya 30, kufaulu ni 18, na mingi ni ya mdomo, unakaa mbele ya profesa anakuuliza na wenzako nyuma wanasikiliza. Ukipewa 20 hujaridhika mara nyingi unaruhusiwa kuikataa ukarudi tarehe nyingine, wenyeji wanafanya sana hivyo, wewe wa skolashipu fikiria krediti 20 kwanza halafu ndo ujivune. Tena kujiandikisha mtihani ni kwenye AlmaEsami, mtandao wa chuo wa mitihani, na kunafungwa siku kadhaa kabla, ukisahau profesa hana la kukusaidia. Kusoma, Salaborsa pale pembeni ya Piazza Maggiore ni bure kwa kila mtu na chini ya sakafu ya vioo unaona magofu ya mji wa Warumi, mimi huko nilikuwa nashindwa kusoma nikibaki kushangaa. Utasikia pia kwamba ukipanda mnara wa Asinelli kabla ya kumaliza hutograduate, msijali, tangu 2023 hawapandishi watu kwa sababu ya mnara wa jirani, Garisenda, ulioinama vibaya.

Kuna fursa mbili nyingine watu wanaziuliza. Unibo Action, skolashipu ya chuo chenyewe, imekuwa ikitolewa kwa alama za mitihani kama SAT, GRE au TOLC, kwahiyo hiyo ni ya kujiandaa mwaka mzima kabla. Na kwa ndugu zetu wakimbizi walioko Kenya au Uganda, wakiwemo Wakongo na Warundi wenye digrii ya kwanza, kuna UNICORE, mpango uliozaliwa 2019 ambao Bologna ilikuwa miongoni mwa waanzilishi, unashirikiana na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, unakuleta kwa shahada ya uzamili kwa njia halali. Maombi ni bure, anayekuomba hela ni tapeli.

Na ukimaliza usifungashe haraka. Aliyepata digrii hapa anaweza kuomba permesso ya kutafuta kazi mpaka miezi 12, na tangu sheria ya 2023 kubadilisha kibali cha masomo kuwa cha kazi hakungoji tena ile idadi ya vibali inayopangwa na serikali kila mwaka, ukipata mkataba unaofaa unaomba wakati wowote. Ila uombe kabla kile cha masomo hakijaisha, na CV yako uwe umeshaijaza vizuri kwenye AlmaLaurea, mtandao wa wahitimu wa vyuo, waajiri wa huku wanapitia humo, jaza na Kiswahili kwenye lugha unazozijua.