Mgeni katika mji wa pwani: anza na maji

Ndugu yangu, umesema una miezi mitatu ugenini katika mji wa pwani, unajua njia ya kazini tu, na Jumamosi zako zinaishia chumbani. Upweke huo naujua, na hauponi kwa kuambiwa "toka nje".

Mimi ningeanza na bahari yenyewe. Tafuta jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la hapo ulipo. Pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Kwa hiyo ufuo uliotembea mkavu Jumamosi hii, Jumamosi ijayo saa ileile huenda ukaukuta umefunikwa. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua: maji hupwa mbali, miamba na viumbe vyake vikaonekana. Hapo ndipo pa kutembea! Nenda yakiwa yanapwa, urudi kabla hayajageuka. Ukiogelea na mkondo ukakuvuta nje, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke, ndipo urudi.

Makumbusho yaachie siku za mvua. Kama kuna kivuko cha abiria wa kawaida, panda hicho kabla ya mashua ya watalii. Kisha chagua sehemu moja tu, uirudie kila wiki saa ileile. Watu wakishaizoea sura yako, salamu huanza zenyewe.

Na chumbani fungua madirisha. Unyevu wa bahari ukituama ndani huotesha ukungu kwenye nguo.