Kabla ya kugusa mguu bandia, fundisha macho

Kine (mtaalamu wa tiba ya viungo) mmoja kijana wa Bukavu ameniandikia: "Mkubwa, stajiere wangu (wanafunzi wa mafunzo ya kazi) wakimwona mgonjwa anatembea wanasema tu 'anachechemea'. Nianzie wapi, na mashine hatuna?"

Swali hilo limenifikia mahali panapouma. Kuna mgeni aliyekuja zamani kutufunza hapa Goma, akasema mbele ya wote kwamba bila maabara ya kamera hatutaweza kupima mwendo wa mtu. Sijayasahau maneno yale, na wiki hii kundi langu jipya la stajiere limeyajibu.

Mgonjwa alikuwa mama anayeuza sokoni Virunga, aliyekatwa mguu juu ya goti. Kila akikanyagia mguu bandia, kiwiliwili kinalalia upande huo. Stajiere mmoja akasema papo hapo, "Mguu ni mfupi, fundi aurefushe." Nikamzuia. Aseme alichoona, sababu itafuata. Maana mtu hulalia upande wa protezi, yaani mguu bandia, kwa mambo mengi: mguu mfupi kweli, soketi (kikombe kinachoshika kisiki cha paja) inayobana kinena, ukuta wa nje wa soketi usioshika paja, au misuli ya ubavu wa nyonga iliyolegea.

Binti mmoja mkimya akaweka mikono juu ya mifupa ya nyonga za mama akiwa amesimama. Ziko sawa, mguu si mfupi. Akauliza kama kuna pahali panauma. Hapana. Akamlaza kwa ubavu wa mguu mzima, akamwomba ainue paja la upande wa pili. Likapanda kidogo, likaanguka. Basi! Shida ilikuwa kwenye misuli. Fundi angeurefusha mguu ule, mama angeanza kujiinua kwa vidole vya mguu mzima ili wa bandia upite bila kukwaruza chini, na sisi tungemwandikia kasoro ya pili tuliyoitengeneza wenyewe. Alipewa mazoezi, na wiki hii amerudi akitembea karibu wima. Nilijivuna, nasema wazi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, fundisha macho. Simu inatosha: piga video kutoka ubavuni na kutoka nyuma, uipunguze mwendo. Anzeni kwenye unyayo mkipanda hadi mabega, kiungo kimoja kila mnapoirudia video, kwa sababu hakuna jicho linaloona vyote pamoja. Katika mwendo wa kawaida mguu hukaa chini karibu 60% ya mzunguko wa hatua, yaani tangu unyayo ukanyage hadi uleule ukanyage tena. Mgonjwa akiharakisha kuutoa ule wa bandia, jueni hauamini au unamuuma, mumuulize. Wagonjwa wetu hawaishi kwenye sakafu laini. Mimi huwatoa nje, kwenye mawe ya lava ya volkano Nyiragongo ya 2002, na hapo kasoro zilizojificha ndani hujitokeza.

Na nyinyi makine vijana, acheni kukimbilia ufunguo wa fundi! Mgonjwa si kitanda cha kukazwa skrubu. Mheshimuni kwa kumtazama mpaka mwisho.

Wewe wa Bukavu mna miteremko kila mtaa. Mteremshe mgonjwa pole pole, simama upande wa mguu bandia, na umwambie stajiere atazame goti tu.