Makao makuu kuna laini kubwa, tawi linakwama: tuongeze tena?

SWALI: Makao makuu tuna laini ya Frame Relay (mtandao wa mtoa huduma unaounganisha ofisi kwa kubeba data ndani ya fremu) ya kilobiti 2,048 kwa sekunde. Tawi lina laini ya 128, na CIR tuliyosaini, yaani kasi tuliyoahidiwa na mtoa huduma, ni 64. Tawi wakivuta ripoti kutoka kwenye seva, inaanza vizuri kisha inakwama, na simu zinazopita humo humo zinakatika-katika. Ruta ya makao makuu inaonyesha laini haijajaa hata robo, na BECN, alama ya mtandao ya kumwonya mtumaji kuwa kuna msongamano, ni sifuri. Fundi anataka tupanue laini ya makao makuu na turefushe foleni ya ruta. Tumpe kazi?

JIBU: Msimpe. Pakiti ya baiti 1,500 inatoka makao makuu kwa milisekunde 6 hivi. Kuingia tawini inahitaji karibu 94. Fremu moja (pakiti ikiwa imefungwa kwa safari) ikimaliza kushuka, nyingine 16 zimeshafika kwenye swichi ya mwisho ya mtoa huduma. Foleni ya swichi ikijaa inatupa, ikianza na zenye alama ya DE, yaani zilizozidi kiasi mlicholipia. TCP, itifaki inayosafirisha ripoti, inapunguza mwendo, inatuma upya, nanyi mnaona ripoti imeganda. Kupanua makao makuu ni kuijaza foleni hiyo mapema zaidi. Na kurefusha foleni ya ruta ambayo laini yake haijajaa? Hakuna kinachosubiri hapo.

Linalonichosha ni hiyo BECN. Karibu kila anayeleta tatizo hili anasema moja kati ya mawili: BECN ni sifuri, basi msongamano hakuna, au BECN ipo, basi mtandao utajipunguza wenyewe. Swichi haitungi fremu ya kukuonya. Inawasha biti kwenye fremu inayorudi kwako, na upande wa pili usiporudisha kitu, alama haina pa kukaa. Si kila mtandao unaoweka alama hizo, na wengine hutupa tu kimyakimya. Hata ikifika, TCP haiioni, kwa sababu kichwa cha fremu kinavuliwa kwenye ruta. Ruta isiyoagizwa kuitii inaihesabu na kuendelea kumwaga kama kawaida.

Dawa iko makao makuu, kwenye PVC ya tawi hilo, yaani njia yake ya kudumu ndani ya mtandao: ruta iwekewe kikomo cha kutuma. Ingekuwa data peke yake ningesema 128, ishuke hadi 64 BECN ikionekana. Kwa kuwa mna simu, wekeni 64. Kinachopita juu ya CIR ni hisani ya mtandao, na sauti haiendeshwi kwa hisani. Foleni sasa itakuwa kwenye ruta yenu, ambako mnaweza kuitanguliza sauti. Punguzeni pia Bc, yaani biti ambazo ruta inaruhusiwa kutoa kwa kipindi kimoja: kwa kipindi cha milisekunde 125, ruta inaweza kutoa biti 8,000 kwa milisekunde 4 kisha ikanyamaza 121, na simu haivumilii hilo. Biti 640 zitawapa kipindi cha milisekunde 10. Fremu kubwa zikatwe kwa FRF.12 (kanuni ya kukata fremu za Frame Relay) ziwe vipande vya baiti 160. Ripoti zikionekana kuchelewa mno, pesa iende kwenye CIR ya tawi.

Angalizo kwa wenye Cisco: ukiwasha udhibiti huu wa kasi kwenye kiunganishi cha ruta bila kuzipa PVC viwango vyake, kila moja inapewa kilobiti 56. Kasi inaporomoka, fundi anauzima na kutangaza kwamba udhibiti wa kasi ni ubovu. Hakusoma, alinakili.

Wenye faiba msicheke. Mtoa huduma anakupa mlango wa megabiti 100 kwa mkataba wa 20, ruta yako inamwaga kwa 100, na yeye anatupa kinachozidi. Fundi yule yule atakuja na ankara ile ile ya “kuongeza bandwidi”. Kabla ya kumlipa, mwandikieni mtoa huduma awape hesabu ya fremu zilizotupwa kwenye mlango wa kutokea kuelekea tawini. Swichi yake inazihesabu.