Shaba imekulwa, imeliwa au imelika?

Swali: Msomaji wa Kisumu anawaandikia wanafunzi wa ufundi mwongozo wa kutengeneza nyumbani bodi ya saketi ya tabaka nne. Anauliza: "Feriki kloraidi, kemikali ya kuondoa shaba kwenye bodi, ikishaondoa shaba, tuseme imekulwa, imeliwa au imelika? Na je, bodi hutobolewa shimo au tundu?"

Jibu: "Imekulwa" husikika kila siku kuanzia Nakuru hadi Busia, lakini kwenye mwongozo iache. Kitenzi -la kina silabi moja, ndiyo maana hubeba ku- katika "inakula" na "imekula". Kikinyambuliwa kuwa -liwa au -lika, tayari kina silabi mbili na ku- haina kazi tena.

Imeliwa na imelika zote ni sahihi, ila hazisemi jambo moja. Kuliwa humdokeza mlaji: shaba imeliwa na kemikali. Kulika hutaja hali iliyofikiwa, kama soli ya kiatu iliyolika. Mwanafunzi anahitaji kujua hali ya kusubiri na hasara ya kuepuka, kwa hiyo andika hivi:

"Tikisa chombo cha plastiki polepole mpaka shaba yote isiyofunikwa kwa wino ilike, kisha toa bodi mara moja na kuiosha. Ikichelewa, njia nyembamba za shaba zitaliwa ubavuni, chini ya wino."

Onyo hilo lisikosekane. Njia ya tabaka la ndani ikikatika, huwezi kuifikia tena baada ya kubandika bodi pamoja. Ipimwe kwa mita ya umeme kabla. Kitenzi "kuchoma" kiepuke kabisa, maana msomaji atafikiria moto.

Sasa shimo na tundu. Tundu hupenya upande wa pili. Shimo lina kitako. Katika kazi hii tofauti hiyo ni ya lazima. Tuseme bodi mbili zenye shaba pande zote mbili (ndizo tabaka nne), kila moja unene wa milimita 0.8, zinabandikwa kwa gundi ya epoksi, katikati kukiwa na kitambaa chembamba cha nyuzi za kioo. Bila kitambaa hicho, shaba ya tabaka la pili inaweza kugusana na ya tatu ukapata shoti. Waya ukipitishwa kwenye tundu na kulehemiwa juu na chini tu, haujaunganishwa na tabaka za ndani. Ili kulifikia tabaka la tatu, bodi ya juu hutobolewa mapema, kama milimita 3 hivi, mahali pa kulehemu. Wakati huo hilo ni tundu. Likishakalia bodi ya chini limepata kitako cha shaba: sasa ni shimo, na mwongozo ubadilishe jina hapohapo. "Kata kitambaa mahali pa tundu, na usipake gundi karibu na ukingo, isije ikajaa ndani ya shimo na kufunika shaba." Gundi ikigandia hapo, lehemu haishiki.

Pini za kulinganisha kwenye pembe huingia kwenye tundu, kwa sababu lazima zipenye bodi zote mbili.

Tabaka nalo lichagulie ngeli moja: ama "tabaka la tatu, matabaka manne", ama "tabaka ya tatu, tabaka nne". Mimi nimezichanganya hapa kwa kufuata swali lako na mazoea ya usemi. Kwenye mwongozo wako ningechukua ya kwanza, kwa kuwa "matabaka" huonyesha wingi waziwazi pale nambari isipotajwa.