Maswali ya Wasomaji: Handikapu 17.4, Mbona Kila Wiki Napiga 95?

Safari hii barua nyingi zinahusu handikapu ya gofu, yaani namba inayopima kiwango cha mchezaji na kuamua anapewa mikwaju mingapi ya kupunguziwa, kwa hiyo tumezijibu pamoja. Mifano imefungamana, na aliye mgeni wa hesabu hii asome kuanzia juu.

SWALI: Handikapu yangu ni 17.4. Uwanja tunaochezea ni pari 72 (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari), hivyo nilidhani napaswa kumaliza na mikwaju 89 au 90. Lakini kadi yangu ya kawaida ni 95. Je, kamati imekosea hesabu?

JIBU: Haijakosea. Wengi huichukulia handikapu kuwa wastani wa mchezo wao, na hapo ndipo wanapopotea. Indeksi yako, yaani hiyo 17.4, ni wastani wa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho. Zile 12 nyingine zimo kwenye kumbukumbu lakini haziingii kwenye hesabu. Kwa hiyo namba hiyo inaeleza kiwango chako mambo yanapokunyookea, na ni kawaida kabisa raundi nyingi kuwa juu yake.

Utaratibu huu unatumika kimataifa tangu 2020, R&A na USGA, vyombo vinavyosimamia sheria za gofu, walipounganisha mifumo sita iliyokuwepo. Kila raundi hugeuzwa kuwa namba moja, tuiite tofauti ya raundi. Unachukua jumla ya mikwaju iliyokwisha kurekebishwa (marekebisho yenyewe tumeyaeleza kwenye swali la nne), unatoa kipimo cha uwanja (mikwaju anayokadiriwa kupiga mchezaji wa handikapu 0), unazidisha kwa 113, kisha unagawanya kwa slopu (tumeieleza kwenye swali la tatu) ya tii, yaani mahali ulipoanzia kupiga.

Tuseme tii yako ina kipimo 71.2 na slopu 128. Siku nzuri umepiga 93, na baada ya marekebisho ikawa 91:

91 − 71.2 = 19.8
19.8 × 113 ÷ 128 = 17.5

Sasa chukua ile 95 yako ya kila wiki, isiyo na shimo la kurekebishwa. 95 − 71.2 ni 23.8, na ukiimalizia hesabu unapata 21.0. Ukiwa na raundi 8 zenye namba ndogo kuliko hiyo, 21.0 inakaa pembeni. Hujaharibu kitu.

Makosa tunayoyaona mara nyingi kwa wanaojikokotolea wenyewe ni matatu. La kwanza ni kutoa pari badala ya kipimo cha uwanja. Katika mfano wetu ungepata 16.8, yaani umejipunja karibu mkwaju mzima. La pili ni kutumia vipimo vya tii nyingine. La tatu ni kuanza na jumla ambayo tayari imepunguzwa handikapu, na hilo huvuruga kila kitu kinachofuata.

Tena, siku ambayo upepo au mvua imewalemea wachezaji wengi, mfumo wenyewe huongeza marekebisho ya hali ya siku, kati ya −1 na +3. Ikiwa +1, kwenye mfano wetu unatoa 1 zaidi kabla ya kuzidisha, na 17.5 inakuwa 16.6. Kazi hiyo haikuhusu wewe. Kompyuta hulinganisha kadi za siku hiyo. Ndiyo maana tunasisitiza kadi iingizwe siku ileile.

SWALI: Mimi ni mgeni na nimewasilisha kadi tano. Baada ya kadi ya nne handikapu ilikuwa 22.6, ya tano ikaipandisha hadi 23.6, ingawa sikucheza vibaya. Kwa nini?

JIBU: Indeksi ya kwanza hutolewa ukiwa na mashimo 54, yaani raundi tatu za mashimo 18 au mchanganyiko wowote wa mashimo 18 na 9 unaofikia hapo. Kwa kuwa kadi ni chache, mfumo huchukua tahadhari kwa kupunguza. Ukiwa na raundi tatu, unachukuliwa ule mmoja ulio bora na kutolewa 2.0. Ukiwa na nne, bora mmoja kutoa 1.0. Ukifika tano, bora mmoja bila kutoa chochote. Bila shaka tofauti yako bora ilikuwa 23.6 tangu kadi ya nne. Kilichobadilika ni lile punguzo la 1.0 kuondoka.

Kadi ya sita itakushangaza tena: hapo ni wastani wa mbili bora kutoa 1.0. Kuanzia ya saba punguzo linakwisha, na idadi ya raundi zinazohesabiwa inaongezeka taratibu: mbili kwa kadi 7 hadi 8, tatu kwa 9 hadi 11, nne kwa 12 hadi 14, mpaka zifike nane kwenye kadi ya 20. Usiikimbilie namba katika kipindi hiki. Indeksi ya juu kabisa inayoruhusiwa ni 54.0, kwa wanaume na wanawake, hivyo hakuna anayeanza gofu aliye mbovu mno kupata handikapu.

SWALI: Kwenye uwanja mmoja nimepewa mikwaju 19, kwenye mwingine 14, na indeksi ni ileile 17.4. Ipi ni handikapu yangu?

JIBU: Indeksi ni 17.4 popote uendapo. Hizo mbili ni handikapu za uwanja, na zote ni sahihi. Hesabu yake: indeksi mara slopu, gawanya kwa 113, kisha ongeza kipimo cha uwanja kutoa pari.

Uwanja wa kwanza (slopu 128, kipimo 71.2, pari 72): 17.4 × 128 ÷ 113 = 19.7. Ongeza 71.2 − 72, yaani −0.8, unapata 18.9, unazungusha kuwa 19.

Wa pili (slopu 105, kipimo 68.9, pari 71): 17.4 × 105 ÷ 113 = 16.2. Ongeza −2.1, inabaki 14.1, yaani 14.

Inafaa kuielewa slopu vizuri, kwa kuwa ndiyo inayosomwa vibaya kuliko kitu chochote kwenye kadi. Slopu kubwa haimaanishi tu uwanja ni mgumu. Inapima pengo: uwanja unamtesa mchezaji wa kawaida kwa kiasi gani kuliko unavyomtesa mchezaji wa handikapu 0? Wapimaji huweka makadirio mawili, moja la mchezaji wa 0 na lingine la mchezaji wa bogi, ambaye kwa wanaume ana handikapu ya kama 20 na mpira wake wa kwanza hufika yadi 200 hivi. Kwenye mfano wetu, tuseme makadirio ya bogi ni 95.0. Toa 71.2, unapata 23.8; zidisha kwa 5.381 (wanawake ni 4.240), unapata 128. Bwawa lililo yadi 190 kutoka tii halimsumbui anayepiga yadi 250, lakini wewe linakumeza, na slopu inapanda. Kiwango cha chini ni 55, cha juu 155, na 113 ndio ugumu wa kawaida.

Kabla ya mashindano kuna hatua moja zaidi. Kwa mchezo wa mmoja mmoja wa kuhesabu mikwaju, inayopendekezwa ni asilimia 95 ya handikapu ya uwanja: 18.9 × 0.95 inakupa 18.

SWALI: Kwenye shimo la 12, pari 4, nilipiga mikwaju 11. Aliyenishikia kadi akasema kwa handikapu inahesabiwa 7. Si udanganyifu huo?

JIBU: Si udanganyifu. Matokeo ya shindano la mikwaju yanabaki na 11 yako, usiifute. Kwa handikapu pekee, kila shimo lina kikomo: pari, jumlisha 2, jumlisha mikwaju unayopewa kwenye shimo hilo. Kwa handikapu ya uwanja 19 unapewa mkwaju mmoja kila shimo, na wa 19 unaangukia shimo lenye namba ya ugumu 1. Kama shimo la 12 lina namba ya ugumu 7, kikomo ni 4 + 2 + 1 = 7. Kwenye shimo la ugumu 1, likiwa pari 5, ni 5 + 2 + 2 = 9. Asiye na handikapu bado hutumia pari jumlisha 5.

Bila kikomo hiki, mpira mmoja uliogoma kutoka mchangani ungeficha mashimo 17 uliyocheza kwa heshima.

SWALI: Mwenzetu huwasilisha kadi mbaya tu, halafu siku ya kombe anatufagia. Mfumo hauna kinga?

JIBU: Upo ulinzi wa pande mbili. Kwa aliyefikisha kadi 20, indeksi ikipanda zaidi ya 3.0 juu ya ile ya chini kabisa ya siku 365 zilizopita, ziada hukatwa nusu, na ongezeko lote haliwezi kupita 5.0. Aliyekuwa 17.4 na hesabu yake ikatoa 22.4, atapewa 21.4. Upande wa pili, raundi iliyo bora kuliko indeksi kwa 7.0 hadi 9.9 humshusha 1.0 zaidi, ikiwa 10.0 au zaidi, 2.0.

Hata hivyo kompyuta haioni kadi iliyobaki mfukoni. Kuficha raundi nzuri ni kuwaibia wenzako, na kamati ina mamlaka ya kurekebisha indeksi ya mtu ikiwa na ushahidi. Pelekeni tarehe na matokeo, si manung'uniko.

SWALI: Mimi nina 19, rafiki yangu 14, tunacheza shimo kwa shimo. Napewa mingapi na wapi?

JIBU: Hapa mnatumia asilimia 100. Wa chini anacheza bila kitu, wewe unapata 5, mmoja mmoja kwenye mashimo yenye namba ya ugumu 1 hadi 5 kwenye kadi. Yaliyobaki 13 mnacheza sawa kwa sawa.