Usisubiri Kilele cha Jua Ndipo Uanze Kulitazama

Tangu mwaka 2019 nimekuwa nikichora madoa ya Jua kila asubuhi isiyo na mawingu, kwa kuelekeza darubini ndogo na kuacha taswira iangukie karatasi nyeupe. Sichungulii lenzi kamwe, na kidarubini cha kulengea nakifunika, kwani siku moja nilikisahau kikanitoboa shati. Mwaka ule wa kwanza ulichosha: zaidi ya siku 270 zilipita pasipo doa hata moja. Nakushauri uichore hata miduara mitupu, kwa sababu bila hiyo hutakuwa na cha kulinganisha Jua litakapochachamaa.

Mzunguko wake, yaani madoa kuongezeka hadi kilele kisha kupungua tena, huchukua wastani wa miaka 11. Jua likitulia, hurusha wingu kubwa la gesi yenye sumaku mara moja tu katika siku kadhaa. Likichachamaa, huweza kurusha matatu au zaidi kwa siku. Madoa ni mahali ambapo sumaku kali imechomoza kutoka ndani, na mistari ya sumaku hiyo ikijisokota kupita kiasi hukatika na kuungana upya, nishati iliyolimbikizwa ikafyatuka kama mmweko.

Kosa langu lilikuwa kuamini hesabu ya madoa peke yake, nikidhani kwamba ikishuka naweza kupumzika. Kumbukumbu zinakataa. Mzunguko wa 24, kwa hesabu ya wanaanga, ulifika kileleni Aprili 2014, lakini mmweko wake mkubwa kuliko yote, wa X9.3 (X ni daraja la mimweko mikali kabisa), ulitokea tarehe 6 Septemba 2017, Jua likielekea kulala. Mmweko wa tarehe 4 Novemba 2003, uliokadiriwa kuwa X28 kwa sababu ulizidi uwezo wa vipimo vya setilaiti, nao ulikuja karibu miaka miwili baada ya kilele cha mzunguko wa 23.

Basi tazama umbo. Kundi moja lililobanana na kuvurugika hunitia wasiwasi kuliko makundi sita yaliyotawanyika. Mei 2024, mawingu ya masika yalipoachia, nililikuta kundi la madoa lililopewa namba 13664 limetanuka hadi kama mara 15 ya upana wa Dunia, na kalamu yangu haikuona pa kutenganisha doa na doa. Tarehe 10 tufani ya sumaku, yaani msukosuko wa sumaku ya Dunia unaoletwa na yale mawingu ya gesi ya Jua, ikaifikia Dunia; ilikuwa ya daraja la juu kabisa, ya kwanza tangu 2003.

Oktoba 2024 mashirika ya Marekani ya anga za juu, NASA, na ya bahari na hali ya hewa, NOAA, yalitangaza kwamba Jua limeingia katika kipindi cha kilele, na wenzangu kadhaa wamekwisha kuzifungia darubini zao. Yangu bado naitoa uani saa moja na nusu asubuhi, kabla joto la bati halijaanza kuitetemesha taswira.